Jiko la nyumba ya wazazi Moshi limechoka: nivunje ukuta kwanza au nianzie kwenye mabomba?

#1 Binti_Rau
Wakuu, salaam.

Nyumba ya wazazi iko Moshi, upande wa Rau, ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 70. Jiko ni lile lile la enzi hizo: chumba chembamba, dirisha moja dogo la nondo, kaunta ya terazo upande mmoja, sinki la chuma, na kabati za chini ambazo milango yake haifungi tena. Baba alishatangulia. Mama yupo, amevuka sabini, na anapika mwenyewe kila siku. Ndugu tumekubaliana mwaka huu tulifanyie ukarabati wa maana kabla ya Desemba, kwa sababu mwisho wa mwaka nyumba inajaa.

Nilichopanga ni kuvunja ukuta kati ya jiko na sebule, kuweka kabati mpya juu na chini, granaiti, jiko la gesi la kuzamisha kwenye kaunta, na vigae mpaka juu.

Kinachoninyima usingizi ni ukuta wa nyuma, ule wenye sinki. Unyevu umepanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno, rangi inabanduka, kuna unga mweupe wa chumvichumvi, na vigae vinadondoka vyenyewe. Nimeita mafundi zaidi ya mmoja na kila mtu ana lake. Chanzo ni nini, na nianzie wapi?

#2 Kijana wa Njiro
Vunja huo ukuta dada. Huku Njiro, Arusha, kila nyumba mpya jiko na sebule ni kitu kimoja. Mwanga unaingia, mpishi anaongea na wageni, na chumba chembamba kinakuwa kikubwa bila kuongeza hata tofali. Huo unyevu ni rangi mbaya tu. Kwangua, piga rangi ya mafuta, bandika vigae vipya.

#3 Fundi Mkongwe
#2, rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye maji ni kuyafungia maji ndani. Yatatafuta pa kutokea, na mara nyingi yanatokea upande wa pili au juu zaidi.

Binti_Rau, kabla ya kugusa ukuta wa sebule, panda darini uangalie kenchi zimekaa juu ya nini. Nyumba nyingi za miaka hiyo ukuta wa katikati umebeba kenchi. Kama umebeba, huwezi kuubomoa kwa nyundo na imani. Unaegemeza paa kwanza, unamwaga bimu ya zege yenye nondo zilizopigiwa hesabu, unasubiri ikomae, ndipo unafungua. Hiyo ni kazi ya mhandisi, na halmashauri wanataka kibali kwa mabadiliko ya aina hiyo.

Jambo la pili, dari ni la kitu gani? Kama ni yale mabapa magumu ya kijivu ya zamani yanaweza kuwa na asbestosi, ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Usikate, usitoboe, usifagie vumbi lake pakavu. Pata mtu anayejua namna ya kuyaondoa.

#4 Shangazi_Sakina
Mwanangu, mbona sijaona mama amesema anataka nini? Umeeleza granaiti, umeeleza gesi, mwenye jiko hujamtaja.

Mimi niliwahi kukaa na jiko la wazi. Siku ya dagaa kochi linanuka dagaa, siku ya maharage televisheni haisikiki kwa kelele ya presha. Na sisi wa huku tuna wageni wa kustukiza. Mgeni anaingia sebuleni anaona masufuria ya jana. Muulize kwanza.

#5 Mlowezi wa Dar
Shangazi umemaliza. Desemba Moshi hakuna jiko la wazi litakalohimili. Watu wameshuka kutoka Dar, Mwanza, Dodoma, kila mtu na watoto wake, machalari ya sufuria namba kubwa, nyama inachomwa nje. Jiko la ndani linakuwa la chai tu.

#6 Bomba_Safi
Turudi kwenye ukuta. Hapo ni bomba limetoboka ndani ya ukuta. Miaka ya 70 walitumia mabomba ya chuma, na yale yanaoza kuanzia ndani. Kipimo ni rahisi: usiku funga koki zote za nyumba, hakikisha tangi la juu limejaa na boya limefunga, kisha kamulike dira ya maji. Ikizunguka hata kidogo kuna mahali panavuja. Ukikuta hivyo toa chuma chote, weka mabomba ya plastiki ya PPR, yale yanayounganishwa kwa moto. Usibadilishe kipande.

#7 Mtu wa Kibosho
Sikubaliani na #6. Unyevu unaoanzia sakafuni na kuishia kiunoni, wenye chumvi nyeupe, ni maji ya ardhini yanayopandishwa na tofali. Nyumba za zamani nyingi hazikuwekewa nailoni juu ya msingi, au iliwekwa ikachoka. Maji yanapanda, yanakaukia ukutani, yanaacha chumvi yake. Bomba likitoboka lingelowesha doa moja, lisingelowesha mstari mzima.

#8 Binti_Rau
Asanteni. Nimepima kama alivyosema Bomba_Safi, dira haikusogea. Nimemuuliza mama pia: anasema hali inakuwa mbaya zaidi kuanzia Machi mpaka Mei, halafu Juni na Julai kwenye baridi ukuta unakuwa na jasho asubuhi. Septemba unakauka kidogo.

Shangazi, mama amesema anataka mambo matatu: asiiname kuosha vyombo, aone geti akiwa anapika, na terazo yake isiguswe.

#9 Bomba_Safi
Dira imesimama, basi bomba la maji safi tuliweke pembeni. Lakini dira haiwezi kukuonyesha bomba la maji machafu, kwa sababu lile halina presha. Linavuja pale tu unapoosha vyombo. Ziba sinki, lijaze, weka rangi ya keki, halafu achia yote kwa mpigo. Kaa nje kwenye chemba uone kama rangi inafika yote, na uangalie chini ya kabati. Bomba la sinki mara nyingi limepitishwa chini ya sakafu bila mteremko wa kutosha. Kila mita moja lishuke angalau sentimita mbili na nusu, la sivyo mafuta yanaganda humo.

#10 Waya Mwekundu
Masika inazidi, kiangazi inapungua. Hayo si maji ya sinki, sinki linatumika mwaka mzima. Nje ya huo ukuta kuna nini? Kiwanja kimeinama kuelekea wapi?

#11 Binti_Rau
Nje kuna migomba ya mama, mishare na ndizi za kuivisha. Ardhi ya nyuma iko juu kuliko sakafu ya jiko, kama tofali mbili hivi, kwa sababu miaka yote samadi na majani vinamwagwa hapo. Na mfereji wa jirani unapita kando ya uzio.

#12 Waya Mwekundu
Jibu ndilo hilo. Udongo umepanda ukavuka msingi. Hata kama nailoni ya msingi ipo na ni nzima, maji yanaingilia juu yake. Chimba urudishe ardhi chini ya usawa wa sakafu, jenga njia ya maji ya zege pembeni ya ukuta, elekeza gata za paa mbali na hapo.

#13 Mtu wa Kibosho
Bado nasema msingi hauna nailoni. Udongo unaongeza tu. Ukitoa migomba yote unyevu utapungua lakini hautaisha.

#14 Kinyozi wa Pasua
Unamwambia mama wa Kichagga atoe migomba? Kaka nenda wewe ukamwambie, sisi tukusubiri getini.

#15 Mwalimu_Hewa
Nami naongeza la tatu. Mama kasema Juni na Julai ukuta una jasho asubuhi. Hiyo ni hewa ya moto yenye mvuke inayokutana na ukuta wa baridi. Chumba chembamba, dirisha dogo, ndizi zinachemka tangu asubuhi, mvuke utaenda wapi?

Kuna kipimo. Kata kipande cha nailoni nzito, kibandike ukutani kwa gundi pande zote nne, ukutani pawe pakavu kwa kufutwa. Kiache kikae. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke. Yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ndani ya ukuta.

Na hivyo vigae, kabla ya kuvibandua vyote, pitisha sarafu uvigonge kimoja kimoja. Kilichoshika kinatoa sauti nzito. Kilichoachia kinalia tupu. Chora alama ya chaki kwenye vyote vinavyolia tupu, halafu rudi nyuma uangalie umbo la zile alama. Zikiwa zimekusanyika chini ya koki, au zimejipanga mstari juu ya sakafu, au zimetawanyika kila mahali, kila umbo lina habari yake. Zikitawanyika ovyo huenda fundi alibandika kwa mabonge ya saruji bila kulowesha kigae.

#16 Seremala77
Wakati mnatafuta maji, niseme la kabati kabla hajanunua. Usiweke MDF, zile mbao za unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, karibu na sinki, hasa kwenye ukuta huo. MDF ikinywa maji inavimba na hairudi. Duka watakuambia ni ya kuzuia maji kwa sababu ina ngozi inayong'aa, lakini kingo zilizokatwa na matundu ya skrubu ndiko maji yanakoingilia. Sanduku la chini ya sinki lifanye kwa mbao ngumu au marini (plaiwudi ya kuhimili maji), liinuliwe kwa miguu, lisigusane na sakafu.

Kwa mbao, mninga ni mzuri ila mfuko uwe tayari. Mgrivelia umejaa mashambani Kilimanjaro na unafaa sana kwa milango kama umekauka vizuri. Mti uliopasuliwa juzi ukatengenezwa mlango leo utapinda kabla ya Krismasi. Uliza umekaa kivulini muda gani, uinue kipande, kibichi kina uzito wake.

Mbao zote zipigwe dawa ya mchwa kabla ya kuunganishwa. Ukipulizia kabati likiwa limesimama, dawa haifiki nyuma.

#17 Kijana wa Njiro
Seremala77, hayo ya mgrivelia ni kweli. Lakini na terazo nayo abaki nayo? Mwaka huu? Granaiti ndiyo habari ya mjini.

#18 Fundi Mkongwe
Terazo iliyomwagwa vizuri itatuzika wote. Ikiwa haijapasuka, inasagwa upya kwa mashine, inazibwa matundu, inapigwa nta, inang'aa upya. Kitu kinachoiharibu ni tindikali: limao, siki, dawa za kusafishia choo. Inakula saruji kati ya kokoto. Granaiti inastahimili limao vizuri zaidi, hilo nakubali.

Kwa hiyo anaweza kuacha terazo upande wa kazi kavu, akaweka granaiti kwenye sinki na jiko. Kuna ubaya gani? Vipande vikutane kwa usawa mmoja tu.

#19 Shangazi_Sakina
Usawa. Hapo ndipo penyewe. Mama anasema anainama. Vitabu vinasema kaunta sentimita 85 mpaka 90. Msimamishe, akunje kiwiko, pima kutoka sakafuni mpaka kiwikoni, toa sentimita kumi mpaka kumi na tano. Hiyo ndiyo kaunta yake. Sinki liwe juu kidogo kuliko kaunta, kwa sababu mikono inafanya kazi chini ndani ya beseni. Kabati za juu nazo, msiziweke huko ambako mama atapanda stuli. Mtu wa miaka sabini hapandi stuli.

Na ukitaka kujua kama mpangilio utafaa, chora jiko zima kwa chaki sakafuni sebuleni, kwa vipimo vyake halisi. Mpe mama sufuria tupu, apite humo anavyopika. Utaona anavyozunguka.

#20 Binti_Rau
Shangazi, hili la chaki nalifanya wikiendi hii. Asante sana.

#21 Waya Mwekundu
Kwenye umeme msiruke. Ukifungua soketi za nyumba ya zamani utakuta waya nyekundu na nyeusi. Nyekundu ndiyo moto, nyeusi nyutro. Za siku hizi ni kahawia na bluu. Fundi mgeni akichanganya hizo rangi mbili bila kupima ni hatari ya kifo. Mimi ningesuka upya jiko lote: soketi waya wa milimita 2.5, jiko la umeme lenye oveni lipewe waya wake wa milimita 6 na breka yake peke yake. Hakikisha athi ipo kweli na nondo yake imezama ardhini. Na ukuta wenye unyevu usipitishe umeme mpaka ukauke.

#22 Mlowezi wa Dar
Kwa nini oveni na gesi vyote? Nunueni jiko la presha la umeme. Maharage yanaiva kwa umeme kidogo sana, halina moshi, mama anaseti anakwenda ibadani. Serikali yenyewe imetoa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034.

#23 Kinyozi wa Pasua
Na umeme ukikatika maharage yakiwa nusu?

#24 Mwalimu_Hewa
Ndiyo maana awe na vyote viwili. Kwa watu wa Arusha jiko la presha lina faida ya ziada: mji uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye karibu nyuzi 95, kwa hiyo maharage kwenye sufuria ya kawaida yanachelewa. Moshi mjini mko chini zaidi, tofauti ni ndogo.

#25 Bomba_Safi
Gesi: mtungi ukae nje, wima, kwenye kibanda chenye matundu chini. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni. Kijana wa Njiro namjua atauliza kama tundu la juu linatosha. Halitoshi. Kutoka nje mpaka ndani pitisha bomba la shaba, mpira usipite ndani ya ukuta. Viungo vyote vipakwe povu la sabuni siku ya kuwasha. Na kibanda kisiwe karibu na chemba, gesi ikishuka humo haitoki.

#26 Kijana wa Njiro
Sikuuliza kitu bado mzee! Ila swali langu ni jingine: maji ya kunywa jikoni aweke chujio gani? Huku Arusha tunahangaika na floraidi.

#27 Kinyozi wa Pasua
Chemsheni tu.

#28 Mwalimu_Hewa
Hapana, hilo lirekebishwe. Kuchemsha kunaua vijidudu, floraidi hakuitoi. Maji yakipungua kwa mvuke, kiwango chake kinapanda. Machujio ya kawaida ya mshumaa nayo hayaiondoi. Kinachoiondoa ni chujio la mkaa wa mifupa, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka pale kituo cha Ngurdoto, au mashine za utando wa kuchuja kwa presha. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na vyanzo vingi kuzunguka Mlima Meru vinapita hapo. Vingine havipiti. Pimeni chanzo chenu kwanza. Binti_Rau yuko Moshi, apime kabla ya kununua mashine ambayo huenda haihitaji.

#29 Shangazi_Sakina
Watoto wa huku wanachekwa meno yaliyobadilika rangi kwa floraidi, na kosa si lao. Asante mwalimu kwa kulisema vizuri.

#30 Mlowezi wa Dar
Uzi umehama. Binti, nailoni imesemaje?

#31 Binti_Rau
Nimerudi na majibu, na yamenichanganya zaidi. Nailoni ina matone pande zote mbili. Nyuma yake chini karibu na sakafu pameloa kabisa, juu usawa wa dirisha matone yako upande wa chumbani tu. Rangi ya keki ilifika kwenye chemba, lakini kwa kuchelewa, na fundi aliyekuwepo anasema mafuta yamejaa kwenye kona. Vigae vinavyolia tupu viko vingi mstari wa chini, na vingine vitano hivi chini ya koki.

Tulichora chaki. Mama amezunguka, amesimama, akasema dirisha lipanuliwe upande wa geti na ukuta wa sebule ubaki, ila ufunguliwe tundu la kupitishia chakula. Darini tumeona kenchi zimekaa juu ya ule ukuta.

#32 Mtu wa Kibosho
Chini pameloa kutoka ndani. Nilisema.

#33 Waya Mwekundu
Pameloa kwa sababu ya udongo wa nje. Wewe hujauona huo msingi.

#34 Mwalimu_Hewa
Na juu je? Matone ya chumbani ni mvuke. Tunaweza kuwa sahihi sote watatu na bado mtu akarekebisha kimoja akashangaa.

#35 Bomba_Safi
Vitano chini ya koki mmeviruka. Bomba la maji safi lina kiungo hapo, na kiungo kikitoa jasho dira kubwa ya zamani haioni. Mimi bado sijaondoa mkono kwenye chuma.

#36 Fundi Mkongwe
Ningekuwa mimi, mpangilio wa kazi ungekuwa huu. Sasa hivi, ardhi ya nyuma ishushwe na njia ya maji ijengwe, migomba ya mstari wa kwanza ihamishwe, si ing'olewe. Lipu ya ukuta ule ikwanguliwe mpaka kwenye tofali, iachwe wazi ipumue. Mabomba yote mawili yabadilishwe wakati ukuta uko uchi. Dirisha lipanuliwe, linta mpya imwagwe. Umeme usukwe. Lipu irudi ukuta ukishakauka, vigae baada ya hapo, kabati ndiyo ya mwisho. Tundu la chakula kwenye ukuta unaobeba kenchi linahitaji linta yake, lisizidi upana wa dirisha la kawaida.

Kazi ya ukuta wenyewe anza masika ikiisha. Ukianza Novemba utamkabidhi mama vumbi la saruji wakati wajukuu wako getini.

#37 Seremala77
Na niagizie mbao sasa hivi, zikae kivulini wakati ukuta unakauka.

#38 Binti_Rau
Nashukuru sana. Fundi wa njia ya maji anaanza Jumatatu. Mama amekubali mishare miwili ihamie upande wa choo cha zamani, wa tatu amegoma, ameupanda mwenyewe mwaka niliozaliwa mdogo wetu.

#39 Kinyozi wa Pasua
"Mwaka niliozaliwa mdogo wetu" 😂 Dada umechoka, kalale.

#40 Binti_Rau
Aliozaliwa! Vidole vya simu. Lakini swali moja kabla sijalala: jiko la kuni la nje, lile la sufuria kubwa za Desemba, bomba lake la moshi lipande juu ya paa kiasi gani ili upepo usirudishe moshi kwenye hilo dirisha jipya?

#41 Mwalimu_Hewa
Uko upande gani wa nyumba, na upepo wa jioni huko kwenu unatokea wapi?